Koroboi Kisimani

Juzi nilimwona fundi akishusha koroboi kisimani kabla ya kuingia, na harufu ya mafuta ya taa ikanirudisha kwenye mchana ule mbuzi wangu alipotumbukia. Alilia kidogo, kisha akanyamaza. Nilidhani ametulia anatusikiliza.

Baba mdogo, aliyekuwa mchimba visima, alishusha koroboi kwa kamba. Ikazimika. Akaiwasha, akaishusha tena, ikazimika. Nikaulaumu upepo, ingawa hata jani la mgomba halikutikisika.

“Siingii,” alisema.

“Mwoga!” nikapiga kelele mbele ya majirani. “Baba mdogo mwoga!”

Mtu mmoja akacheka. Baba mdogo akaanza kujifunga kamba kiunoni. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia kisimani bibi alipomkamata shati.

“We mwanangu, ufe kwa neno la mtoto?”

Akaifungua kamba taratibu. Nilimnunia wiki nzima.

“Ikizimika, huko chini hakuna hewa,” fundi wa juzi aliniambia. “Ukiingia, hutoki.”

Tangu hapo nimempigia baba mdogo simu mara tatu nimwombe radhi. Mara zote nimeishia kwenye shikamoo.