Mstari wa Leokadia

Nimeficha jambo tangu nikiwa mwalimu mkuu hapa Ufipa, na sasa pumzi imebaki kidogo.

Leo mjukuu wangu Neema amefungua kwenye kompyuta faili langu la zamani, orodha ya waliochaguliwa sekondari.

"Babu, makro yako kali, hii programu ndogo uliyoitunga ndani ya jedwali. Ukiandika kwenye kisanduku sifa ya mstari, kama rangi au ukubwa, inaibadilisha. Hapa uliandika: kuficha mstari, ndiyo."

Akaandika hapana, akabonyeza. Likatokea jina.

Leokadia, anayeniuguza, akaingia na uji wa ulezi.

"Jina langu hilo, Mwalimu? Kumbe nilifaulu."

"Labda kompyuta ilikosea, shangazi," Neema akasema.

Nikanywa uji wake.

Mnihukumu mnavyoona. Sina cha kumrudishia.

Mstari niliuficha mimi. Nafasi yake aliipata binti yangu, mama yake Neema.