Shangazi Ameharibu Utafiti Wangu kwa Ukarimu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Waswahili wa Dallas, hapa Marekani, tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Mombasa, nasomea shahada ya uzamili hapa Arlington. Naishi Carrollton kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenipokea kama mwanawe wa kumzaa.

Utafiti wangu ni kugeuza mafuta yaliyokwisha kukaangiwa yawe dizeli, badala ya watu kuyamwaga kwenye sinki. Nalinganisha ya mikahawa na ya majumbani. Haya ya majumbani shangazi ndiye aliyenikusanyia kwa kina mama wenzake, mafundi wa sambusa na mahamri. Majibu yakatoka mazuri ajabu, ya nyumbani yakayashinda ya mikahawa kwa mbali. Profesa wangu alifurahi mpaka akataka tukayaeleze kwenye mkutano wa watafiti Houston, na shangazi aje ashukuriwe mbele za watu.

Wiki iliyopita nilirudi mapema nikamkuta jikoni anamimina mafuta mapya ya dukani kwenye dumu langu.

"Shangazi, hilo ni la chuo!"

"Najua. Sasa mafuta meusi vile ndiyo nimpe profesa wako? Aseme Waswahili wachafu? Sote twachanganya na mapya, mwanangu, don't worry. Hata Mama Rukia ana-mix."

Hapo nikaelewa majibu mazuri yalikotoka. Niliwaambia yeye na wenzake tangu mwanzo nataka yaliyotumika, tena nikarudia. Kumbe wao waliona ni adabu yangu tu, kwamba naona haya kuomba mazuri!

Tangu siku hiyo situlii. Nakaa, nasimama. Nikimwambia profesa, kazi yote naianza upya na shangazi anaaibika mbele ya wenzake. Nikinyamaza, nitasimama Houston niwadanganye wataalamu watakaoniamini. Nina hasira naye jamani, halafu akiniwekea sahani yangu mezani naionea haya hasira yenyewe.

Safari ni Jumamosi. Shangazi keshashona nguo, keshapiga simu Mombasa nzima, na gari tunalokwenda nalo ni lake. Jana aliniuliza, "Wakiniita pale mbele, niseme nini kwa Kiingereza?"

Nikamfundisha. Ndugu zangu, nipeni akili: nianze kumwambia nani, na nimwambieje?