Jina Langu Liko Kaburini, Mimi Niko Uwanjani

Siku niliyoambiwa nimekufa, nilikuwa na filimbi mdomoni.

Sitanii.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, tunafanya mazoezi ya kona. Mshambuliaji wangu alikuwa haelewi aruke saa ngapi, nami namfokea kwa lugha ya watu ambayo mpaka leo naiongea kama nina jiwe mdomoni.

Katibu wa klabu akatoka ofisini mbio, ameshika simu yangu. Niliisahau mezani kwake.

"Kocha, inaita tangu saa tatu. Ni ya kwenu."

Nikapokea. Muuguzi mmoja, sauti ya upole.

"Samahani. Wewe ndiye mdogo wake..." akataja jina.

Jina alilolitaja ni langu. Ndilo mama alilonipa siku niliyozaliwa.

"Ndiyo," nikasema.

"Pole sana, baba. Kaka yako ametutoka alfajiri. Hapa kwenye fomu aliandika wa kumpigia ni mdogo wake, kocha."

Mchezaji mmoja akauliza kama waendelee. Nikamwambia endeleeni. Sikujua nifanye nini kingine.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo mtaniona mlevi.

Kwetu tulizaliwa wawili. Mimi mkubwa, yeye mdogo, tumepishana miaka mitano. Wote tulicheza mpira.

Mimi mtaani waliniita Trekta. Jina linajieleza.

Yeye walimwita Kijiko, kwa sababu alikuwa anauchota mpira na kumpitishia kipa juu ya kichwa, polepole, kama mtu anayetia sukari kwenye chai. Kipa anabaki anaangalia juu. Watu wanacheka mpaka wanakaa chini.

Nikwambie ukweli ambao nyumbani haukusemwa kamwe: mwenye mpira alikuwa Kijiko. Mimi nilikuwa na mapafu tu.

Nilipofika miaka ishirini na mbili, akaja wakala. Jamaa anavaa miwani myeusi hata sebuleni. Akamwambia baba:

"Mzee, mwanao ana nguvu. Ila ishirini na mbili wale jamaa wa nje hawataki. Wanataka kumi na saba. Tupunguze."

Baba alikuwa fundi cherehani. Kupunguza alikokujua yeye ni kwa suruali.

"Tunapunguzaje mtu?"

"Si ana mdogo wake? Mdogo ana miaka mingapi?"

Kumi na saba kamili.

Baba akafungua kabati, akatoa bahasha yenye vyeti vya kuzaliwa. Akaviweka mezani viwili. Cha Kijiko akanisogezea mimi, changu akamsogezea Kijiko. Dakika moja haikuisha.

Kijiko alikuwa anakula. Hata kijiko chenyewe hakukiweka chini.

"Chukua, kaka. Ukifanikiwa utanirudishia."

Mama ndiye aliyegoma. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Jina si shati la kuazimana. Nyie fanyeni yenu. Mimi wanangu nitawaita nilivyowazaa."

Na kweli, miaka ishirini na mbili mama hakuwahi kuniita kwa jina la uongo. Hata kwenye simu, hata wachezaji wakiwa karibu.

Kulikuwa na tatizo moja, nalo tulidhani tumelimaliza. Nilipofikisha kumi na minane nilikuwa nimechukua kitambulisho cha uraia kwa jina langu la kweli, chenye picha yangu na alama ya dole gumba langu. Baba akakitupa kwenye moto. Kikajikunja, kikaisha.

Sisi tukajua basi. Enzi hizo faili zilikaa kwenye makabati, na kabati moja halikujua kilichomo kwenye jingine.

Nikaondoka.

Nilicheza nje miaka kumi na miwili. Sikuwa nyota, ila benchi sikulila sana. Miaka ya mwisho goti likagoma. Wenzangu wa miaka ishirini na tisa wanakimbia kama swala, mimi wa "ishirini na tisa" nahema kama nimebeba friji.

Nikatundika daluga. Gazeti moja likaandika kwamba kipaji kimezimika mapema. Mapema wapi! Nilikuwa na thelathini na nne na mgongo wa babu.

Nikasomea ukocha. Nikaanza na watoto, nikawa msaidizi, mwishowe nikapewa timu ya daraja la pili. Leseni, mkataba, kibali cha kuishi, vyote kwa jina la mdogo wangu.

Kila mwaka tarehe yake ya kuzaliwa ikifika, wachezaji wananiletea keki. Na kila mwaka simu inaita.

"Heri ya kuzaliwa, mwizi."

"Ahsante, mwenye mali."

Tunacheka wee. Ulikuwa utani wetu, nami nilijifanya sioni kilichomo ndani yake.

Maana yeye alikwenda majaribio ya timu ya taifa ya vijana mwaka mmoja baada ya mimi kuondoka. Akachota mpira mara mbili tu, kocha akasimama. Wakamwita mezani, wakamwomba cheti. Cheti kikasema ana ishirini na tatu.

"Mzee," karani akamwambia, "hapa ni vijana."

Hakurudi tena. Alipata kazi ya kutunza uwanja palepale. Kukata majani, kuchora mistari kwa chokaa. Alichora mistari ya watu wengine kwa miaka ishirini, na hakuwahi kunilalamikia hata siku moja.

Mwaka huu moyo wake ukaanza kuvimba. Hospitali ya kule wakasema vali moja haifungi, apasuliwe, wao hawana uwezo huo.

Nikampelekea majibu daktari wa timu yetu. Akayaangalia kama mtu anayesoma orodha ya sokoni.

"Mlete. Hapa ni upasuaji wa kila wiki. Ila asivuke miezi mitatu."

Nilifurahi sana. Nikasema sasa ndiyo naenda kumrudishia.

Kijiko akaenda kuomba pasipoti. Miaka yote hakuwa na kitambulisho, uwanjani hawakumdai. Jioni akanipigia.

"Kaka, nimekuta mashine. Wakaingiza jina la kwenye cheti, ikatokea sura yako. Bado una nywele."

"Ukasemaje?"

"Nikaona isiwe taabu, nikawatajia jina langu nililozaliwa nalo. Wakaandika. Ikatokea sura yako tena, safari hii una tai."

Tulicheka. Wallahi tulicheka, mpaka akakohoa.

Halafu akauliza, taratibu, "Sasa mimi niko wapi, kaka?"

Majina mawili, yote yana sura yangu. Mdogo wangu hakubakiwa hata na moja la kupandia ndege.

Nikamwendea wakili wa klabu. Nikamwambia nina rafiki yangu mmoja ana tatizo hili na hili. Akaweka kalamu chini.

"Mwambie rafiki yako njia ni moja. Akiri. Akikiri, ndugu yake atapata karatasi. Yeye atapoteza leseni, kazi na kibali, na huenda akafungwa."

Ligi ilikuwa kwenye lala salama. Mechi nne zimebaki, tunapigania kupanda daraja.

Hapa ndipo ninapojichukia, na sitapaka rangi. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia:

"Mechi nne tu. Nikishapanda daraja, nakiri."

"Maliza mechi zako, kaka. Mimi nipo."

Mechi ya kwanza tukashinda. Ya pili tukatoka sare. Asubuhi yake mama akapiga.

"Mwanangu," akaniita kwa jina langu, lile la kweli, "mwenzio hawezi kulala chali tena. Analala amekaa."

Siku hiyohiyo nikaandika barua, kurasa mbili, kila kitu. Nikaipeleka ubalozini kwetu. Dada wa dirishani akaisoma mara mbili.

"Kwa hiyo wewe ni nani?"

"Mimi ni yule mwingine."

Akaichukua pasipoti yangu, akaitia kwenye droo, akafunga.

"Uchunguzi ukikamilika utaitwa."

"Dada, ndugu yangu anaumwa. Nipeni hata karatasi ya kumfuata."

"Kwa maelezo haya, baba, hatujui hata ndugu yako ni yupi."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anafanya kazi yake.

Basi tukakwama wote wawili. Yeye hawezi kuja, mimi siwezi kwenda. Nilikuwa naamka, naenda mazoezini, naweka koni, napuliza filimbi. Napiga simu ubalozini kila siku saa nne. Subiri, kocha. Subiri.

Mechi ya tatu tukashinda. Siku ya saba baada ya barua, ndiyo ile Jumatatu ya filimbi.

Mazishi yakapangwa Jumatano, saa kumi. Mechi yetu ya mwisho ilikuwa Jumatano, saa kumi.

Pasipoti iko kwenye droo. Ningekwenda wapi? Nikasimama kwenye mstari.

Tukashinda moja bila. Tumepanda daraja. Wachezaji wakanikimbilia, wakaninyanyua, wakanirusha juu huku uwanja mzima unaimba jina langu. Yaani lake.

Wanaimba jina lake na yeye saa hiyohiyo anafukiwa. Nilikuwa juu ya mikono ya watu nalia, na wao wakadhani ni furaha. Kuna picha. Ipo mpaka kwenye ukuta wa klabu.

Sasa sikilizeni.

Ijumaa ubalozi ukanipigia. Nikajua ndiyo siku zangu arobaini, nikafungasha kabisa nguo za kwenda nazo rumande.

Yule dada akafungua droo, akanirudishia pasipoti kwa mikono miwili.

"Pole kwa msiba, kocha. Na samahani kwa usumbufu. Faili limefungwa."

"Limefungwaje?"

"Kaka yako aliitwa kuhusu barua yako, akafika ofisi ya uhamiaji kule siku tatu kabla hajafariki. Akaandika maelezo kwamba yeye ndiye mkubwa. Kwamba ile picha ya kitambulisho cha zamani ni makosa ya ofisi. Na kwamba barua yako ni ya uongo, umechanganyikiwa, unataka kujiponza kwa sababu unampenda." Akashusha sauti. "Na mwenye hilo jina la mkubwa sasa ni marehemu. Hakuna wa kuuliza zaidi."

"Wakaamini?"

"Kulikuwa na shahidi."

Nilifika nyumbani Jumapili. Nikamkuta mama amekaa kitandani kwa Kijiko, anakunja nguo zake za kazi zenye chokaa.

"Mama, shahidi ni nani?"

Hakuniangalia.

"Alinibembeleza siku mbili. Nikamshika mkono tukapanda zile ngazi, kila tatu anapumzika. Yule ofisa akaniuliza, mama, huyu ni mkubwa au mdogo? Nikasema mkubwa. Nikatia sahihi."

"Kwa nini, mama?"

"Yule nilikuwa nimeshamkosa. Ulitaka niwakose wote?"

Jioni tukaenda kaburini, pamoja na majirani na wale wa uwanjani aliofanya nao kazi. Kibao kipya, rangi haijakauka vizuri. Jina langu. Tarehe yangu ya kuzaliwa. Chini yake, tarehe aliyokufa yeye.

Nikapiga magoti nikashindwa kuinuka. Msimamizi wa uwanja akataka kunisaidia, mama akamzuia kwa mkono.

"Mwacheni. Kaka yake alimpenda sana."

Halafu akainama, akanishika bega, akaniita. Mbele ya watu wote, kwa sauti ya kusikika.

Akaniita kwa jina la Kijiko.

Miaka ishirini na mbili aligoma. Siku hiyo akakubali.

"Naam, mama," nikaitika.

Wiki iliyopita ilikuwa ile tarehe. Wachezaji wakaleta keki, wakaimba, wakaniambia kocha zima mishumaa. Nikazima. Simu nilikuwa nimeiweka mezani mbele yangu tangu asubuhi, na haikuita.

Naandika haya bila jina kwa sababu sina la kuandika. Ila wewe mzazi mwenye kijana wa mpira, wakala akikaa sebuleni kwako akakwambia tupunguze miaka, muulize kwanza tunampa nani. Miaka ukiipunguza kwa mtu haipotei, kuna mwenzake nyumbani anabebeshwa.

Mimi wa kwangu alibeba mitano, na alipochoka akabeba na kifo changu. Kama una wa kumrudishia kitu, mrudishie leo. Usisubiri mechi nne.