Mgongo wa Pantaleo na Mbao za Duka la Sadallah

Pantaleo alikuwa amebeba magunia ya mahindi tangu ujana wake. Alikuwa amesukuma malori kwenye matope ya masika, na mwaka mmoja alimvuta ng'ombe aliyetumbukia shimoni kwa kamba na hasira zake tu. Hayo yote hayakumwangusha. Kilichomwangusha ni chafya.

Aliishi Nangara na mkewe Bernadina na binti yao Kandida, na shamba lao la mahindi na mbaazi lilikuwa Sigino. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega mapana na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mjini Babati alijulikana kwa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini. Betri za magari zilikuwa adimu kama sabuni, na sabuni yenyewe watu walikwisha kuisahau, wakawa wanafulia majani ya mpapai. Dereva akizima lori lake jioni, alijua kesho litawashwa na mabega ya watu. Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, Pantaleo alipita stendi, akakusanya vijana, akashika nafasi ya katikati nyuma ya lori.

"Lori la nani?" aliita.

"La Aniceti!"

"Na mahindi ya nani?"

"Yetu!"

"Basi haya!"

Lori likajikongoja, likakohoa, likawaka. Aniceti, dereva wake, alipiga honi ya shukrani na kuondoka bila kusimama, maana angesimama lingezima tena.

Siku ya chafya Pantaleo alikuwa amekwisha kusukuma malori mawili na hakuumia popote. Alirudi nyumbani kuchukua jembe. Bernadina alikuwa jikoni anakaanga pilipili. Pantaleo akainama kwenye beseni anawe uso, moshi wa pilipili ukamfikia, akapiga chafya moja kubwa. Alisikia kitu kikifyatuka kiunoni, kisha moto ukamshuka kutoka takoni, nyuma ya paja, mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Akabaki ameinama vilevile, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Mama Kandida," aliita polepole. "Njoo."

"Nakaanga."

"Njoo nakwambia. Siwezi kunyooka."

Bernadina alipotoka akamkuta kama mtu anayetafuta sindano chini, alidhani ni mizaha yake ya siku zote, akacheka. Alipoliona jasho usoni mwake aliacha kucheka. Akamshika kiunoni, wakaingia ndani taratibu.

"Umeumia wapi? Kwenye lori?"

"Lori halijanifanya kitu. Ni pilipili yako."

Kitanda chao kilikuwa cha kamba, na kamba zilikuwa zimelegea katikati kiasi kwamba aliyelala humo alikuwa kama ndizi ndani ya kapu. Kila akijigeuza, ule moto ulishuka tena mguuni. Habari zikaenea mjini upesi, kwa sababu asubuhi iliyofuata malori yalichelewa kuondoka na watu wakauliza Pantaleo yuko wapi. Wakaja kumpa pole, na kila mmoja na dawa yake. Mmoja alileta mafuta ya mnyama ambaye hakutaka kumtaja. Mwingine alileta tofali la kupasha moto. Mzee mmoja kutoka Mutuka alisema dawa ya mgongo ni kukanyagwa na mama aliyezaa pacha, na kwamba anamfahamu mmoja, mnene, na hana kazi siku hiyo.

Bernadina akasimama mlangoni. "Shikamoo mzee, na asante kwa kuja. Lakini humu ndani hakanyagwi mtu."

Aliyefaa zaidi ni Sadallah, mwenye duka karibu na soko. Yeye na Pantaleo walikuwa marafiki tangu siku Pantaleo alipomsaidia kuhamisha duka zima kwa mgongo wake. Sadallah hakuleta dawa. Alikitazama kitanda, akakibonyeza katikati kwa kiganja.

"Hiki si kitanda, ni bembea," alisema. "Mgongo mbovu unataka mahali pagumu. Nitakuletea mbao."

"Mbao utazipata wapi miaka hii?"

"Za shelfu za dukani. Unadhani zinabeba nini sasa hivi? Viberiti na vumbi. Viberiti nitaviweka chini."

Jioni akaja na mbao nne begani, wakazipanga juu ya kamba na kutandika godoro la pamba juu yake. Pantaleo akalala, akashusha pumzi, kisha akanusa.

"Sadallah, nasikia harufu ya sabuni ya mche."

"Ndiyo ilipokuwa inakaa. Inuse vizuri, ndugu yangu. Mjini humu hakuna nyingine."

Usiku ule Pantaleo alipata usingizi. Lakini mguu uliendelea kuwaka, na unyayo ukawa na ganzi, ndipo Bernadina akaamua kumpeleka hospitali. Aniceti akatoa lori lake. Wakamlaza nyuma juu ya magunia matupu, na Aniceti akaingia kuliwasha. Halikuwaka. Vijana wakasukuma, kila mmoja kwa wakati wake, likasogea kidogo na kurudi palepale.

Pantaleo aliwavumilia, halafu uvumilivu ukamwisha. Akiwa amelala chali, macho yake kwenye turubai, akapaza sauti: "Lori la nani?"

Vijana wakatazamana. "La Aniceti!"

"Na mgonjwa ni wa nani?"

"Wetu!"

"Basi haya!"

Likawaka. Bernadina, aliyekaa pembeni amemshika mkono, alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Pantaleo akamwomba asimchekeshe kwa sababu kucheka kulimuuma.

Hospitalini walimkuta Daktari Evangelina, mwanamke kijana aliyevaa koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa jepesi kama karatasi. Alimwamkia, akamlaza kwenye meza, akaunyanyua mguu wake wa kulia ukiwa umenyooka. Haukuuma. Akaunyanyua wa kushoto, na kabla haujafika mbali Pantaleo akapiga ukelele. Akamkwaruza unyayo kwa ufunguo, akamwambia asukume mkono wake kwa kidole gumba cha mguu. Akamuuliza kama mkojo unatoka vizuri na kama ana ganzi katikati ya mapaja.

"Huko kuko salama, daktari," Pantaleo alisema, akimtazama mkewe kwa haya.

"Vizuri. Siku ukipata ganzi huko, au mkojo ukigoma, usilale nyumbani hata usiku mmoja, njoo mbio. Hiyo ndiyo ya kukimbizwa Moshi kwa upasuaji." Kisha akavuta kiti. "Uti wa mgongo ni pingili, si ndiyo? Kati ya pingili na pingili kuna kitu kinachozuia mifupa isigongane. Nje ni kigumu kama ngozi, ndani kina ute, kama wa bamia. Ngozi hiyo imepasuka, ute umetoka, unaubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Mgongo ndio mbovu, ila mguu ndio unaolia."

"Kwa chafya?"

"Chafya ilimalizia tu. Magunia na malori yalianza zamani."

Bernadina akaegemea kiti kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Umesikia? Si pilipili yangu."

"Sasa nitapona?" Pantaleo akauliza.

"Wengi hupona bila kisu. Ule ute uliotoka, mwili wenyewe huumeza kidogo kidogo. Lala siku chache kwenye mbao zako, halafu anza kutembea, kila siku mbele kidogo. Usiiname kwa kiuno, piga magoti. Usibebe kitu." Akampa aspirini chache zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti, ndizo zilizokuwepo.

Pantaleo alirudi nyumbani na neno moja tu kichwani: wengi hupona. Akatii. Alianza kwa kutembea mpaka mlangoni, baadaye mpaka barabarani, baadaye mpaka dukani kwa Sadallah, ambako alisimama akiegemea ukuta usio na shelfu na kupiga soga. Maumivu yakaanza kupanda. Yalitoka kidoleni, yakahamia kwenye shavu la mguu, yakahamia pajani. Alimsimulia kila aliyekutana naye mahali yalipofika, kama mtu anayefuatilia safari ya basi. Kufikia mavuno yalikuwa yamebaki kiunoni tu, kwa mbali, na siku nyingine hayakuwepo kabisa.

Ndipo akafanya ujinga. Lori la sukari lilikwama kwenye matope kando ya soko. Sukari! Watu walitoka hata kwenye nyumba ambazo hukujua zina watu. Pantaleo akajitazama, akajinyoosha, hakusikia maumivu yoyote. Akajipenyeza katikati, akaweka bega. Lori lilitoka. Sukari ikashuka. Pantaleo akarudi kwenye mbao.

Haikuwa mbaya kama mara ya kwanza, lakini safari hii alikasirika. Alipoweza kutembea alikwenda hospitali mwenyewe, Bernadina akimfuata nyuma kama askari.

"Daktari, ulisema nitapona," alisema hata kabla ya kukaa.

"Na ulipona. Kisha ukaenda kusukuma lori. Habari zilinifikia kabla yako."

"Basi kumbe sikupona. Mtu aliyepona hufanya kazi yake. Niambie kweli: huu ugonjwa unaisha kabisa, au hauishi?"

Daktari Evangelina akamwonyesha kiti kwanza. "Nitakwambia ninavyojua. Maumivu yanaweza kuisha yote, ukakaa miaka usiyakumbuke. Utalima, utatembea mpaka Sigino na kurudi, utacheza ngoma ukitaka. Lakini ile ngozi iliyopasuka imefunga kwa kovu, na kovu si ngozi mpya. Sina dawa ya kukurudishia mgongo wa miaka ishirini, na mtu akikwambia anayo, muulize mwenyewe ana umri gani."

Ilimuuma Pantaleo namna nyingine, si kiunoni. Alikuwa ameishi kwa nguvu zake, na mjini hakuna aliyemjua kwa jambo jingine.

"Sasa mimi nitakuwa nani?" aliuliza, karibu kwa kunong'ona.

Bernadina ndiye aliyejibu. "Utakuwa Baba Kandida. Na tena, baba, siku ile ulipolala chali ndani ya lori kama gunia, nani aliliwasha? Wale vijana walikuwa na mabega yale yale kabla hujafungua mdomo."

Daktari alikuwa hajakisikia kisa hicho. Bernadina akamsimulia, na kwa kuwa alikuwa msimuliaji mzuri, wagonjwa waliokuwa wakisubiri kwenye benchi nje nao wakaanza kucheka. Pantaleo alijaribu kubaki na hasira yake, akashindwa.

Wiki iliyofuata alikuwa stendi, safari hii mbele ya lori badala ya nyuma, kando ya barabara, ameshika fimbo ya mti wa mnyaa. Aliwapanga vijana, mrefu pembeni, mfupi katikati, akawafundisha kukunja magoti na kusukuma kwa mapaja, si kwa kiuno, kama alivyofundishwa. Kisha akaita. Akiwa hasukumi alikuwa na pumzi nyingi zaidi, na sauti yake ikafika mpaka sokoni. Maneno nayo yaliongezeka. Kama lori lilikuwa la Kondoa aliwaimbia watu wa Kondoa, kama kulikuwa na bibi harusi ndani alimwimbia bibi harusi. Watu wasio na safari walikuja stendi asubuhi ili wamsikie tu, na wakifika waliambiwa waweke mabega.

Miaka miwili ikapita hivyo. Bidhaa zikaanza kurudi madukani. Siku moja Sadallah akaja Nangara, akakaa, akanywa uji, akazungumzia mvua, mahindi, na mvua tena.

"Sema tu, Sadallah," Pantaleo akamwambia.

"Aa, ni jambo dogo. Nimepata sabuni. Katoni kadhaa. Ziko sakafuni na mtoto wa jirani amezikalia."

"Unataka mbao zako."

"Kama mgongo unaruhusu. Kama hauruhusu, sabuni ikae chini, Mungu anajua."

Pantaleo aliinuka, kwa namna aliyozoea siku hizi, mikono kwenye magoti kwanza. Akaingia chumbani, akatoa godoro, akazivuta mbao. Sadallah akaruka. "Acha, acha! Usibebe!" Zilibebwa na Kandida na rafiki yake. Badala yake Aniceti alileta mbao za sanduku la mashine, ngumu vilevile lakini zenye harufu ya oili, na Bernadina alilalamika mwezi mzima. Sadallah alileta mche mmoja wa sabuni kama shukrani. Wakaufulia shuka zote za nyumba kwa siku moja, kwa furaha tu.

Miaka ya mwisho ya themanini ukipita Sigino msimu wa kupalilia mbaazi, ungewakuta wote wawili shambani. Pantaleo alijitengenezea jembe lenye mpini mrefu kuliko yote ya kata ile, akalima amesimama wima kama mtu anayefagia ua. Kila baada ya mistari michache alikwenda kivulini, akalala chali ardhini, miguu imekunjwa, kofia usoni, mpaka kiuno kilegee.

Asubuhi moja mwanamke mgeni, amejitwika ndoo ya maziwa, alikuwa akipita njiani. Aliona magoti yakichomoza kwenye mbaazi, akasimama ghafla.

"Jamani! Mama, huyu mtu amekufa?"

Bernadina hakuinua hata kichwa. "Hajafa. Analima. Habari za huko utokako?"

"Mimi mzima," sauti ikajibu kutoka chini ya kofia. "Karibu sana, mama."

Mgeni akaipokea salamu kwa wasiwasi, akisogea nyuma. "Anaumwa?"

"Alikuwa akiumwa," alisema Bernadina. Akaegemea jembe lake, akalitazama shamba, akamtazama mumewe, akalitazama jua. Halafu akalilaza jembe chini, akaenda akajinyoosha pembeni ya Pantaleo, akavuta upande mmoja wa kofia ufunike macho yake na yeye.

Yule mwanamke alifika Mutuka akisimulia kwamba huko Sigino kuna mtu na mkewe wanaolima wakiwa wamelala, na kwamba, Mungu ni shahidi, mbaazi zao ni nzuri kuliko za majirani wote.