Mama alifungiwa kiti moja na mkwe wake kwa mashine ya kuzunguka, na wazee wa mahari walikuwa njiani

Wakuu, salamu kutoka huku kwa majani chai, mahali mvua inanyesha kila mchana kama imeajiriwa.

Wale wananijua kwa jokes mtasema nimetunga. Sijatunga. Kama hii ni uongo nipate E ya Physics, ingawa hiyo naelekea kupata hata bila kiapo.

Background kidogo ndio twende pamoja.

Sisi ni Wakisii lakini tumekulia Kericho. Mzee anafanya kazi kwa factory ya chai. Mama anauza nguo sokoni, na kanisani ni mwenyekiti wa akina mama. Sista yangu ni Kemunto, amemaliza college. Jamaa yake anaitwa Mogaka, ana hardware pale Kedowa. Mtu mpole, na mrefu mpaka akiingia kwetu anainamia mlango kama mtu anaomba msamaha.

Hawa wawili wanajua date moja tu. Theme park.

Wenzao wanaenda hotelini kunywa soda na kuangaliana. Hawa wakipata Jumamosi ni kubembea. Tumeenda ile ya Bomet, ambayo ni trampoline mbili, ngamia mwenye hasira, na matope. Nadhani theme ilikuwa matope. Walifurahi kama wameenda Dubai.

Nasema "tumeenda" kwa sababu mzee aliweka sheria: wakitoka, lazima niwe nao. Kazi yangu ni kuangalia. Mshahara ni chips. Nikiona wameshikana mikono, chips inapata kuku, na mimi napata shida ya macho.

Sasa kuna kitu lazima mtu wa nje aelewe.

Kwetu Kisii, mwanaume na mama ya msichana wake hawazoeani. Wazee wanaita chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Hakuna kusalimiana kwa mkono. Hakuna kukaa kiti moja. Hakuna kula mkiangaliana. Mogaka akija kwetu, mama anapitia mlango wa jikoni. Wamejuana muda mrefu na sidhani mama alikuwa amewahi kuona sura yake vizuri. Alikuwa anamjua kwa viatu.

Na wakati huo heshima ilikuwa imekazwa zaidi, kwa sababu Jumamosi iliyokuwa inafuata wazee wa Mogaka walikuwa wanakuja kuongea mahari. Kosa dogo tu na hiyo safari inaisha.

Basi tukaenda park ile ya huku kwetu, iko katikati ya mashamba ya chai. Kuna mashine wanaita Buibui. Miguu yake inazunguka, kila mguu una kiti ya watu wawili, na hiyo kiti nayo inajizungusha. Form Four wenzangu mnajua circular motion. Mwenye amekaa ndani anatupwa kwa mwenye amekaa nje. Mashine haiulizi mmehusiana aje.

Kemunto na Mogaka wakapanda. Operator, kijana Mkipsigis mwenye filimbi, akamwambia Kemunto bag haikubaliwi juu. Kemunto akashuka kuniletea. Mogaka akabaki ameinama anafunga kamba ya kiatu.

Hapo ndipo bus ya akina mama wa kanisa ikaingia.

Wao walikuwa wametoka semina ya maombi Soin, wakaamua kupitia hapo kunyoosha miguu. Vitambaa vya kichwa vyote blue. Mimi nikajiambia, hawa wanafanana na wa kwetu. Kumbe ni wa kwetu.

Mama alikuwa mbele na rafiki yake Mama Chepkirui, ambaye mdomo wake uliuzwa bila brake.

"Mwenyekiti, unakemea mapepo lakini kiti ya watoto inakushinda?"

"Mimi siogopi kiti," mama akasema. "Ni goti."

"Goti gani na juzi ulicheza wakati wa sadaka mpaka kanisa ikatoa vumbi?"

Operator akaona kiti iko na mtu mmoja. Akaona mama mmoja anabishana. Yeye shida yake ni viti vijae. "Mama, ingia hapa, kuna space."

Mama akaingia huku ameangalia nyuma, bado anamjibu Mama Chepkirui. Chuma ikashuka ikafunga.

Kemunto aligeuka. Alinishika mkono mpaka bangili yake ikaniachia alama.

"Simamisha," akamwambia operator. "Huyo ni mama yangu."

"Si ndio vizuri," operator akasema. "Mama pia afurahi."

Akapuliza filimbi.

Wakuu, mama aliangalia chini kwanza. Akaona viatu. Nikaona shingo yake ikigeuka polepole, ikapanda suruali, ikapanda shati. Mogaka naye alikuwa anainuka na tabasamu ya mapenzi, akijua ni Kemunto amerudi. Sijawahi ona tabasamu ikifa na meno bado iko nje.

Walijaribu, lazima niseme ukweli. Kila mmoja alisonga mwisho wa kiti. Katikati ungeweka gunia ya majani na ikae. Kwa muda kidogo heshima ilishinda.

Halafu Buibui ikachanganya mwendo.

Mogaka ndiye alikuwa ndani. Akaanza kuteleza. Akashika chuma, akakanyaga floor na miguu yake yote mirefu, bado anaenda. Alienda mpaka akamfinya mama kwa kona. Kitambaa cha mama kikatoka, kikaruka kikaenda kwa majani chai. Kichwa wazi mbele ya mkwe.

Kila wakizunguka wakipita mbele yetu, picha ilikuwa mbaya kuliko ya mwanzo. Mara macho yamefungwa. Mara ni mikono tu, huwezi jua ni ya nani imeshika nani. Music ilikuwa juu, hatukusikia neno.

Mimi mwenye nacheka hata matangani, hapo sikucheka.

Mashine iliposimama, Mogaka alitoka wa kwanza. Hakuangalia mtu. Akaruka fence, akaingia kwa chai, tukaona kichwa tu ikienda juu ya majani mpaka ikapotea. Mama alibaki amekaa. Mama Achieng, ambaye ni Mjaluo, akasema kwa sauti ya chini, "Hii hata kwetu ni mbaya sana." Mama Chepkirui, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema kitu. Alienda kutafuta kitambaa.

Nyumbani mama aliingia bedroom akafunga. Alikuwa anatoka, anapika, anarudi. Ukimuuliza kitu anajibu na kichwa.

Mzee alikuwa anakaa nje na redio imezimwa. Mogaka alimtumia Kemunto message moja: "Waambie wazee wenu wasisumbuke kujitayarisha." Kemunto alilia mpaka uso ukafura. Nilitaka kumwambia anafanana na mandazi, nikaona hapana.

"Mwenye ameaibishwa ni mama yenu," mzee akatuambia. "Akisema ni mwisho, ni mwisho."

Lakini mama hakusema. Na mjomba wa Mogaka akapiga simu kwamba watakuja tu, kama ni kukataliwa wakataliwe uso kwa uso.

Jumamosi wakafika. Wazee kwa makochi, Mogaka kwa kona anasoma carpet. Mama jikoni nyuma ya pazia. Mimi na Kemunto tunabeba chai.

Mjomba akakohoa. "Kabla hatujaendelea, kuna neno lolote kati ya hizi nyumba mbili?"

Mzee akakoroga chai yake. Ungesikia sukari ikiyeyuka.

Sauti ikatoka kwa pazia. "Liko."

Kemunto akaweka trei chini.

"Huyu kijana wenu tulipanda na yeye mashine. Akalia. Akaita mama, akaita mama tena, akanishika shingo kama mtoto anadungwa sindano. Nikamshika. Ningemwachilia angetoka kwa ile kiti aende ashukie Sotik."

Wakuu, mimi hizo siku zote nilijua ni Mogaka alikuwa amemshika mama, kumbe mama naye ndiye alikuwa amemshikilia asianguke.

"Sasa mniambie," mama akaendelea. "Mtoto nimemshika hivyo, nitamrudisha kwa nani?"

Mjomba ndiye alianza. Chai ilimtoka kwa pua. Mzee akacheka akifuta macho na kofia. Wakakubaliana kina Mogaka walete mbuzi na shuka za kuondoa ile aibu, halafu mahari ikaongelewa kama kawaida. Mogaka bado alikuwa anaangalia carpet, mabega yanatetemeka, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka ama analia.

"Na chai yake muweke sukari mingi," mama akasema kwa pazia. "Huyo bado anazunguka."

Nilichojifunza: ukipanda kitu ya kuzunguka, jua nani atakuangukia kabla chuma ifungwe. Na nilikuwa nadhani namjua mama yangu. Simjui hata kidogo.

Wale mtauliza video, simu yangu ilikuwa charging nyumbani, na hiyo naumia nayo mpaka leo. Wale mko na wakwe, tupeni hapa chini siku heshima yenu iliteleza. Nitasoma zote, prep ingoje.