Salamu Kwanza, Moto Baadaye

Mwongozaji wa matangazo ya kuchekesha mwenyewe hacheki. Anatafuna njiti ya kiberiti, anasema "Tena" kwa upole wa mtu anayeomba chumvi mezani, na waigizaji wanarudia. Dastan, aliyeigiza naye vichekesho vya vijana kanisani Kihesa, alialikwa aje kutazama, akakaa juu ya kreti la soda, roho ikimuuma. Huyu si ndiye aliyekuwa akipiga video za kipaimara na sendofu? Leo makampuni yanamfuata kutoka Dar, na Dastan bado anachomelea mageti Ipogolo. Tangazo lilikuwa la mitungi ya kuzimia moto: jirani anakuja kusema nyumba inaungua, lakini lazima kwanza amalize salamu. "Kamwene. Watoto hawajambo? Mahindi je?" Dastan alikuwa ameapa kutocheka, akakaza taya. Ndipo mwongozaji akaingia mwenyewe kuonyesha: akavua kofia, akaibana kifuani, akalaza shingo upande, vilevile kama marehemu baba yake Dastan alivyokuwa akisalimu watu. Kicheko kikamtoka Dastan kabla hajakizuia. Mwongozaji akatoa njiti mdomoni.

"Hapo hapo," akawaambia waigizaji. "Nilikuwa namsubiri huyu. Tangu Kihesa, asipocheka yeye, najua bado."

Dastan akajifuta machozi, bado anacheka, na roho ikazidi kumuuma.