Nyota na Sufuria ya Uji

"Mwalimu, dhahabu ilitoka kwa nyota, sawa. Na hii zebaki tunayonasia dhahabu, tukiichoma, moshi wake unaenda wapi?"

Aliyeuliza ni mama mchimbaji wa machimbo ya dhahabu ya Macalder, mtoto mgongoni. Sisi wa chuo tulikuwa tumewapelekea wachimbaji semina ya nyota na utunzaji wa mazingira. Mhadhiri wetu akatazama saa. "Swali zuri, mama. Tuendelee."

"Nyamera, huyu anajua ya juu tu," jirani akamnong'oneza mama yule.

Nilicheka, kisha nikapandwa na hasira, maana mama yule alikuwa ametuambia huchomea zebaki, sumu ile, kwenye sufuria ile ile anayopikia uji wa mtoto. Mbingu nzima tumeieleza, jiko moja likatushinda! Semina ilipokwisha, nikamfuata mhadhiri hadi garini.

"Mwalimu, tafadhali rudi umjibu."